Mgongo wa Ami Josie

Tulipoachana nilikuwa nimelala kifudifudi ukingoni mwa mashua, mkono mmoja majini hadi begani, nimeshikilia ndoano iliyopita kwenye taya la chini la jodari. Samaki huyo alikuwa mzito kuliko ng'ombe wa maziwa wa mama yangu. Na alikuwa hapumui.

Kwa aliyekosa ya nyuma, nampa kwa ufupi, maana samaki ananisubiri.

Naitwa Dervla Bonner. Kwetu Donegal akina Bonner ni wengi mno, kwa hiyo mtu huitwa kwa baba yake: Dervla wa Condy. Baba alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikagoma, na mashua yake, Neansaí, aliyoipa jina la mama, nikaichukua mimi. Kazi yetu ni kuwapeleka wageni kuvua jodari hapa ghubani, kuanzia Agosti mpaka baridi iwafukuze samaki. Hatuui. Samaki anavutwa, anapimwa akiwa majini, anachomekwa alama ya njano mgongoni, anaachiwa aende zake. Akifa mikononi mwako kwa uzembe, unanyang'anywa kibali. Bila kibali Neansaí inauzwa, na kwenye gati letu mwenye ubavu wa kuinunua ni mmoja tu, Packie Gildea.

Packie hanipendi. Sababu iko kichwani mwangu, na simaanishi akili. Nina nywele nyekundu.

Cheka ukitaka. Wavuvi wa kwetu wakikutana na mwanamke mwenye nywele nyekundu njiani kwenda baharini, wanageuka. Wanarudi nyumbani, wanavua mabuti, siku imekufa. Sasa mwanamke mwenyewe siye wa kupita njia tu, ana mashua, na anaifunga jirani na zao! Kwa ajili yao nilipita gatini kila asubuhi nimejifunika kofia ya koti, hata siku za jua, kama mwizi wa kuku. Mama aliniomba nifanye hivyo na nikamkubalia.

Concepta, mke wa Packie, mwenye nywele nyeusi kama rangi ya viatu, alitaka nifanye zaidi. Mwezi Agosti alikuja jikoni kwetu na chupa ya rangi ya nywele. "Paka, mwanangu," aliniambia. "Utaishi kwa amani." Nilimrudishia chupa yake mkononi na nikamfungulia mlango.

Kisha Packie akapeleka mashtaka kwamba naua samaki. Ofisi ikamtuma mkaguzi, kijana wa Galway aitwaye Ruairí Tuohy, apande nami siku moja ajionee mwenyewe. Na siku hiyohiyo, kati ya siku zote za msimu, samaki akajiviringisha mshipi mkiani. Alivutwa kinyumenyume, maji hayakupita kwenye matamvua yake, akafika ubavuni kwetu amekakamaa kama mlango.

Hapo ndipo tulipoachana.

"Amekufa," alisema Dakta Twomey.

Huyo ndiye mteja wetu, daktari wa meno kutoka Cork. Kama hujawahi kukutana na mtu wa Cork, ujue kwamba kwake yeye nchi nzima ni kitongoji cha Cork.

"Hajafa, amechoka," nikasema. "Ami! Tia gia! Polepole!"

Ami Josie, mdogo wake baba, ndiye baharia wangu, kwa sababu gati zima hakuna mwingine aliyekubali. Alikuwa amesimama kwenye usukani wa nje, hatua mbili kutoka nilipolala. Alikuwa amevua koti la mvua kwa joto la kukunja mishipi, amebaki na sweta lake la sufu na kofia. Akasukuma gia. Neansaí ikaanza kutambaa.

Jodari hana namna ya kupumua akiwa amesimama. Lazima aende. Akishindwa kwenda mwenyewe, unamshika taya, unamkokota mbele taratibu, maji yaingie mdomoni yatokee kwenye matamvua. Ukienda haraka unamzamisha. Ukisimama anakufa. Na lazima unyooshe, kwa sababu ukikata kona kichwa chake kinalala upande, au anaingia chini ya mashua kwenye pangaboi.

"Macho kwangu, Ami," nikasema. "Utazame mkono wangu. Nikiinua kidole, ongeza."

"Nimeona, mwanangu."

"Mkaguzi yuko wapi?"

"Ndani," alisema Ami Josie. "Amekumbatia ndoo."

Bahari siku hiyo haikuwa na povu hata kidogo, ila mawimbi mapana yalikuwa yanapita chini kwa chini, yanaiinua mashua na kuishusha, yanaiinua na kuishusha. Ni hali inayowamaliza watu wa ofisini kabisa.

Dakta Twomey akachuchumaa pembeni yangu na simu yake mkononi.

"Sikiliza, Dervla. Mpandishe. Dakika moja tu, nipige naye picha, halafu umrudishe."

"Hapandishwi."

"Nimetoka Cork!"

"Hata ungetoka mwezini. Akitoka majini amekwisha."

"Si amekwisha tayari! Nimepigana naye mpaka mikono imekufa ganzi, na wewe unanionyesha mgongo wa samaki kwenye maji machafu?"

"Maji ya Donegal si machafu. Nishikie redio."

"Nini?"

"Redio, dakta! Inaita. Mikono yangu ina kazi."

Akainyakua kwa hasira, akaniwekea karibu na mdomo. Sauti ya Packie ikatoka, imetulia kama ya mtu anayekunywa chai.

"Dervla wa Condy, Dervla wa Condy. Unanijia usoni. Nina mishipi yote majini. Geuka."

Nikainua kichwa. Kweli, mashua yake ya kijani ilikuwa mbele yetu, inakatiza njia, fimbo zake za kuvulia zimetanda pande zote, na nyuma yake misururu ya ngisi wa plastiki, chambo cha jodari, inarukaruka juu ya maji.

"Nina samaki ubavuni, Packie," nikasema. "Desturi unaijua. Kunja mishipi yako."

Desturi ni hii, na hakuna aliyeiandika popote: mwenye samaki ana njia. Hata kama mlitukanana asubuhi, hata kama dada yako alimwacha kaka yake kanisani, mtu akiwa na samaki unakunja mishipi na kumpisha.

"Samaki au maiti?" alisema Packie, na nikasikia watu wake wakicheka nyuma yake.

"Kunja, Packie!"

"Mwekundu hana desturi. Desturi ilikuwepo kabla ya nywele zako kupanda mashua. Geuka."

Ami Josie akaniita kwa sauti ya chini. "Dervla. Mishipi ile ikiingia kwenye pangaboi, injini inazima."

"Najua."

"Injini ikizima, samaki anakufa."

"Najua, Ami."

"Sasa?"

Sasa nakiri kwenu jambo ambalo sikumwambia hata mama. Nilikuwa naogopa mpaka meno yananigongana. Akilini nilimwona baba kwenye dirisha lake pale mlimani, darubini kwenye mkono wake mmoja mzima, anatufuata kama anavyotufuata kila siku. Nilimwona Packie akifuta jina la mama kwenye omo ya Neansaí. Lakini chini ya hofu hiyo kulikuwa na hasira, na hasira ilikuwa nyingi zaidi.

"Nyoosha," nikasema.

"Dervla!"

"Nyoosha, Ami Josie. Dakta, bonyeza hicho kitufe. Packie, unanisikia? Mimi sigeuki. Humu mashuani kuna mkaguzi. Zile fimbo zako mpya unazojivunia kila jioni pale baa, nitazivuta zote mpaka ufukweni, halafu utaeleza ofisini kwa nini hukumpisha mwenye samaki."

Neansaí ikaendelea kutambaa. Nikaanza kuona nyuso za watu wa Packie, kisha mikono yao, kisha wale ngisi wa plastiki wakawa karibu kiasi cha kuona macho yao ya kuchora.

"Yesu na Maria," alisema Dakta Twomey. Alikuwa amesahau picha.

"Kunja!" Sauti ya Packie sasa haikupita kwenye redio. Ilipita hewani, anawafokea watu wake. "Kunja zote! Huyu ni kichaa! Kunja haraka!"

Mishipi ikaruka kutoka majini. Ngisi wa mwisho alipita mbele ya omo yetu akidondosha maji.

Tulipopita kando yake, Packie alikuwa amesimama na darubini kifuani, uso umeiva. Nilitamani kumpungia mkono. Mikono yangu ilikuwa na samaki.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipolihisi. Taya liling'ata.

Lilifunga kidogo tu kwenye ndoano, kama mtoto anayeota. Kisha jicho lilizunguka, likashuka kutoka angani, likanitazama. Mgongo wake ukaanza kurudisha rangi, ule ubuluu wa giza. Nikainua kidole, Ami Josie akaongeza mwendo kidogo. Mkia ukapepea. Ukapepea tena kwa nguvu zaidi, na nikahisi yeye sasa ndiye anayenivuta mimi.

"Nenda," nikamwambia. "Nenda, mzee, usirudi kwa watu wa Cork."

Nikachomoa ndoano. Akanipiga. Ule mkia ulipasua maji, maji yakapanda juu ya paa la kibanda na kunishukia, nikapofuka, nikameza chumvi, nikapiga kelele kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Nilipopangusa macho, maji yalikuwa yanazunguka tu pale alipokuwa, na alama ya njano inapotelea chini.

"Mmeona? Ami, umeona?"

Ami Josie alikuwa anahangaika na kamba upande wa pili. "Vizuri, mwanangu," alisema. "Vizuri sana."

Mlango wa kibanda ukafunguka. Ruairí Tuohy akatoka na ndoo yake, uso wa kijani kama pazia la kanisa.

"Samaki yuko wapi?" aliuliza.

"Ameondoka."

"Ameondoka vipi?"

Kabla sijajibu, redio ikadakia. "Mkaguzi, mkaguzi, huyu ni Packie Gildea. Nimeona kwa darubini yangu. Wameachia maiti. Amezama moja kwa moja."

Yule kijana akaniangalia, akaiangalia ndoo, akaniangalia tena. Aibu ilimjaa. "Sikuona," alisema. "Nilitumwa kuona, na sikuona."

"Basi waulize walioona."

"Nitawauliza gatini, mbele ya aliyeshtaki. Ndivyo inavyotakiwa." Akameza mate. "Na pia gati halichezi."

Tukarudi. Njiani Dakta Twomey alinijia kwenye usukani, akasimama karibu mno.

"Nilimwona," alisema polepole. "Alikupiga mkia, maji yakanifika hata mimi."

"Vizuri. Useme hivyo."

"Naweza kusema hivyo. Kesho unanichukua tena. Kesho samaki anapanda mashuani, napiga picha yangu, basi. Na kumbukumbu yangu itakuwa safi kabisa."

Nilimtazama. Ameng'oa meno ya watu wangapi na tabasamu hilo?

"Dakta," nikasema, "afadhali niuze mashua."

"Utaiuza," alisema, akarudi kukaa.

Packie alikuwa ametangulia, na habari ilikuwa imetangulia zaidi yake. Wanaume wa gati walikuwa wamejipanga ukutani, mikono mifukoni, wanajifanya wanatazama hali ya hewa. Concepta alikuwepo pia, na birika la chai la mumewe na mkate wake umefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa amevaa kofia ya sufu iliyofunika mpaka nyusi, kama alivyoivaa tangu Agosti, mchana na usiku. Masikio yanamuuma, alikuwa akimwambia kila mtu.

Mkaguzi akapanda ngazi, akashika nguzo, akasubiri dunia itulie.

"Dakta Twomey," alisema. "Samaki aliachiwa akiwa hai au amekufa?"

Dakta aliniangalia. Alikuwa bado ananipa nafasi.

"Mkaguzi," nikasema kwa sauti, gati lote lisikie, "kumbukumbu ya dakta inahitaji picha. Ameniambia kesho nikimpandishia samaki mashuani, leo atakumbuka ukweli. Nimekataa. Sasa mwache ajibu."

Dakta aliiva mpaka masikioni. "Uongo mtupu!" alisema. "Samaki alizama kama gunia la viazi."

Wanaume wakaguna. Packie akafungua mikono kama padri.

"Na mzee?" Mkaguzi alimgeukia Ami Josie. "Wewe ulikuwa hatua mbili tu. Uliona nini?"

Hapo moyo wangu ukatulia. Ami Josie hasemi uongo. Aliwahi kumwambia askofu usoni kwamba mahubiri yake ni marefu.

"Sikuona kitu," alisema Ami Josie.

Packie alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hukuona?" mkaguzi aliuliza. "Ulikuwa unaangalia wapi?"

"Upande wa pili. Niligeuka." Ami Josie aliivua kofia yake, akaikunja mikononi. Hakuniangalia. "Kitu kinachotoka mkononi mwa mwanamke mwekundu kikienda baharini, mimi sikitazami. Baba yetu alitufundisha hivyo. Ukikisindikiza kwa macho, hakirudi. Kwa hiyo alipochomoa ndoano, nikampa mgongo."

Hakuna mwanamume hata mmoja pale ukutani aliyecheka. Wawili watatu waliitikia kwa kichwa, kama mtu amesema jambo la akili. Mkaguzi wa Galway tu ndiye aliyebaki mdomo wazi.

Kila nilipomwaga makombo ya chai baharini, Ami Josie alikuwa na fundo la kukaza upande wa pili. Kila nilipoachia samaki, alikuwa na kamba ya kukunja. Nilidhani ni mchapakazi. Nilikuwa najisifia kwa baba kwamba Ami hakai bure hata nusu dakika.

"Basi limekwisha," alisema Packie. "Aliyeona amesema. Aliyebaki hakuona. Mkaguzi, chukua kibali, twende tukanywe kitu."

"Sijamaliza," alisema Ami Josie.

Akamgeukia mkaguzi.

"Wewe, kijana wa serikali. Njoo nyuma yangu. Gusa."

Mkaguzi akasogea, akaweka kiganja kwenye sweta, kati ya mabega. "Limelowa," alisema. "Limelowa chapachapa!"

"Njoo mbele. Gusa."

"Kavu."

"Shika kofia hii. Upande huu ndio wa kisogoni. Ikamue."

Mkaguzi akaikamua. Maji yakachuruzika juu ya saruji. Upande wa usoni ulikuwa mkavu kabisa. Kijana akatazama kidole chake, akasita, halafu akakionja. Baada ya siku kama ile aliyokuwa nayo, nilimheshimu kwa hilo.

"Chumvi," alisema.

"Bahari leo ilikuwa na povu?"

"Hapana. Nakumbuka kila wimbi la leo, mzee, na hakuna lililopasuka."

"Basi mwulize daktari wa meno," alisema Ami Josie, "gunia la viazi likizama linarukaje mpaka kisogoni kwa mtu aliyesimama."

Dakta Twomey akajishughulisha na simu yake.

"Alimwagiwa ndoo!" alisema Packie. "Si ndoo tu hiyo! Mnadanganywa mchana kweupe!"

"Mashuani kulikuwa na ndoo moja," alisema Ami Josie. "Alikuwa nayo mkaguzi. Na kilichokuwemo humo hakikuwa maji ya chumvi."

Gati zima likapasuka. Hata watu wa Packie walicheka, hata mkaguzi mwenyewe aliinama akishika tumbo, na sijui ilikuwa kicheko au yale mengine. Alipoinuka, akajifuta mdomo.

"Samaki aliondoka hai," alisema. "Kibali kinabaki."

Nilipaswa kuruka. Tangu Agosti nilikuwa naomba kusikia maneno hayo. Badala yake nilisimama pale nimeduwaa, natazama ule mgongo uliolowa. Ndio ulioniokoa. Na ndio niliogeuziwa msimu mzima na mtu pekee niliyeamini yuko upande wangu.

"Kila mara, Ami?" nikauliza.

"Kila mara, mwanangu."

"Hata siku nilipolitupa baharini shada la maua la bibi, pale Rinn?"

Akatazama mabuti yake. "Hata siku ile."

"Alikuwa mama yako!"

"Najua alikuwa mama yangu. Lakini lilitoka mkononi mwako." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Dervla, mimi nimepanda nawe wakati hakuna aliyekubali kupanda. Nakupenda kuliko watu wote hawa. Lakini nina miaka ya kale kichwani, na siwezi kuikamua kama kofia."

Nilimwamini. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Kesho usije," nikasema.

"Sheria inataka watu wawili mashuani. Utakwenda na nani?"

"Sijui. Lakini atakuwa mtu wa kunitazama mikononi."

Kisha nikafanya nililopaswa kufanya Agosti. Kofia ya koti langu nikaivuta nyuma. Pini za nywele nikazing'oa, nikazitupa majini, na nikaona ni wanaume wangapi waliogeuza nyuso wasizione zikizama. Nywele zikanishukia mabegani, nyekundu zote, mbele ya gati zima, mchana.

"Kesho asubuhi napita hapa hivihivi," nikawaambia. "Na keshokutwa. Na siku zote. Atakayetaka kugeuka, ageuke, mkewe atafurahi kumwona nyumbani. Mimi sijifuniki tena."

Wanaume walisogeza miguu. Mmoja alifanya ishara ya msalaba. Packie ndiye aliyepata sauti kwanza, na alikuwa ametabasamu.

"Maneno mazuri," alisema. "Kibali unacho. Baharia huna. Wageni wako wa kesho watavulia wapi, hapa ngazini? Nani kwenye gati hili atapanda mashua na nywele hizo? Semeni! Yuko nani?"

Niliwatazama mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakatazama bahari.

"Mimi," alisema mtu nyuma yao.

Ilikuwa Concepta. Alikuwa ameweka birika chini.

Packie alicheka. "Wewe? Wewe masikio yanakuuma, mama. Nenda nyumbani ukapashe supu."

"Masikio yangu ni mazima, Packie."

Akainua mikono yote miwili, akaivua ile kofia ya sufu.

Kwanza sikuelewa ninachokiona. Ncha za nywele zake zilikuwa nyeusi, ule weusi wa rangi ya viatu. Lakini kuanzia kwenye ngozi, upana wa vidole viwili, zilikuwa nyekundu. Zilikuwa na mvi, ndiyo, lakini nyekundu kama zangu, na jua lilizipata vizuri.

Wanaume wa ukutani wakatoa mikono mifukoni.

"Chupa niliyokuletea ilikuwa yangu," aliniambia. "Uliponirudishia, niliipeleka nyumbani, nikaiweka mezani, nikaitazama. Sikuigusa tena."

"Concepta," alisema Packie. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya harusi. Dada yangu alinipaka."

"Lakini mimi... kila asubuhi..."

"Kila asubuhi, Packie. Nakumiminia chai. Unakula mayai yako. Unanibusu hapa." Akajigusa juu ya paji, palepale wekundu ulipoanzia. "Halafu unakwenda baharini. Umerudi mikono mitupu mara ngapi?"

Gati lote linajua hakuna anayevua kumzidi Packie.

Concepta akanigeukia. Kidevu chake kilikuwa juu.

"Saa ngapi, nahodha?" aliuliza.

Nilifungua mdomo kumjibu. Packie akawahi. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akasimama juu ya ngazi ya Neansaí, akashika chuma pande zote mbili, akaziba njia.

"Mke wangu hapandi mashua hii," alisema.

Concepta akaifunga kofia yake fundo, akaitupa baharini, na akaanza kutembea kumwelekea. Packie hakujua aitazame kofia au amtazame yeye.